Uzito wa Bunduki Katika Njia ya Mrima

Mbele ya Mlingotini bahari hupungua ukali. Rasi ya Luale imejinyoosha mbele ya ghuba mithili ya mkono, na nyuma yake maji ni tulivu, yamezungukwa na mikoko. Ni mahali pa wavuvi kuliko mahali pa majahazi makubwa. Hata hivyo, katika mwezi wa Juni 1857 manowari ya Sultani wa Unguja, iitwayo Artémise, ilitia nanga karibu na rasi hiyo, ambayo Kapteni Richard Burton aliiandika kwa jina la Wale Point, na kutoka humo wakashuka Wazungu wawili waliokuwa wakielekea Kaole na kisha bara. Habari za ziwa walilolitafuta zimekwisha kuandikwa mara nyingi. Habari za mizigo yao hazikutazamwa sana, na katika mizigo hiyo ulimokuwamo mzigo wa bunduki.

Mmoja wa wawili hao, John Hanning Speke, alikuwa na umri wa miaka 30. Alikuwa afisa wa jeshi la Bengali, na kwa miaka kadhaa alikuwa akizitumia likizo zake kupanda milima ya Himalaya na kuingia Tibeti, akiwinda mbuzi na kondoo wa mwituni na kukusanya ngozi na pembe zao. Basi huyu alifika Mrima akiwa amekwisha kusomeshwa na mlima. Mlima una somo moja ambalo msasi wa tambarare hulichelewa kulijua, nalo ni kwamba uzito wa bunduki si ule unaoonekana katika mizani asubuhi. Kilo nne katika uwanja ni kilo nne. Kilo nne hizo hizo, baada ya saa sita za kupanda, hali pumzi imekatika na mkono mmoja unashika jiwe, huwa ni kitu kingine kabisa, na mtu aliyechoka namna hiyo hapati shabaha hata mnyama akimsimamia hatua hamsini.

Hata hivyo wepesi nao hununuliwa. Bunduki inapolia, nguvu ile ile inayoisukuma risasi mbele huisukuma bunduki nyuma. Ikiwa baruti ni ile ile na risasi ni ile ile, bunduki ya kilo tano hurudi kwa mwendo maradufu ya bunduki ya kilo kumi, na bega la mwenye kuipiga ndilo linalolipa. Kwa hiyo atakaye bunduki nyepesi hana budi kupunguza baruti, au kupunguza risasi, au kuvumilia maumivu. Kufupisha mtutu nako kuna hasara yake, kwani moto huwa karibu zaidi na uso na macho hupata nafasi fupi zaidi ya kulinganisha. Wasasi wa ndovu wa karne ya 19 walichagua njia nyingine, wakavumilia uzito. Bunduki waliyoiita ya nambari nne ilipewa jina hilo kwa sababu risasi zake nne za duara zilitimiza ratili moja ya risasi, yaani kila moja ilikuwa na gramu 113 hivi, na chombo chenyewe kilikaribia kilo kumi. Hakuna mtu mwenye akili aliyependa kukibeba mwenyewe. Alibebewa.

Neno hili la kubebewa lafaa likumbukwe, maana maandishi ya wasafiri hao mara nyingi husema kwamba fulani alikwenda na bunduki tano au saba kana kwamba zote zilikuwa mabegani mwake. Katika njia ya Mrima mzigo wa mpagazi ulikadiriwa kuwa frasila mbili, ambazo ni kilo 32 hivi. Kila bunduki nzito iliyochaguliwa Unguja kwa ajili ya heshima ya mchaguaji ilikuwa ni sehemu ya mzigo wa mtu mwingine, na mtu huyo hakuulizwa.

Watu wa pwani wenyewe walikuwa na silaha zao. Mabaluchi 13 ambao Sultani aliwatoa wawasindikize wasafiri walikuwa na bunduki za mrao, zenye mtutu mrefu mwembamba, zinazowashwa kwa utambi unaofuka moshi. Zaidi ya hizo zilikuwapo gumegume, ambazo jiwe lake hupiga chuma likatoa cheche, na baadaye zikaja za fataki. Zote hizi, kwa kuwa hushindiliwa kwa mdeki kutoka mdomoni, watu waliziita gobori. Gumegume ya kawaida iliyotoka katika ghala za majeshi ya Ulaya ilikuwa na kilo nne na nusu na mtutu unaokaribia mita moja. Haikuwa nzito mno, lakini ilikuwa ndefu kwa njia ya msituni, na katika mteremko ilikuwa mbovu zaidi, kwa maana baruti ndogo ya kuwashia ilikaa ubavuni, ikiweza kumwagika au kulowa.

Mlima wa kwanza wa kweli katika njia ile ulikuwa Rubeho, katika Usagara, ambao kilele cha njia yake kina zaidi ya futi 5,000. Wasafiri waliufikia mwezi wa Septemba 1857, wote wawili wakiwa na homa. Hapo ndipo mwindaji wa Himalaya alipotarajiwa kuonyesha ubingwa wake, na hapo ndipo ubingwa ulipomwacha. Speke alipanda akishikiliwa na watu, na usiku homa ikampanda kichwani akapayapaya vibaya hata ikabidi aondolewe silaha zake zisiwe karibu naye. Burton ndiye aliyeyaandika hayo, na Burton hakuwa shahidi mwema kwa mwenzake baada ya urafiki wao kuvunjika. Lakini katika jambo hili hapana sababu ya kumkadhibisha, kwani naye mwenyewe alipanda kwa hali iliyokuwa si bora sana. Wepesi wa bunduki haukumfaa kitu mtu ambaye miguu yake haikuweza kuubeba mwili wake.

Speke aliporudi mara ya pili pamoja na James Grant, akaondoka Bagamoyo mwezi wa Oktoba 1860, uchaguzi wake ulikuwa umebadilika. Safari hii hakufikiria bunduki zake peke yake, alifikiria za watu wake. Serikali ya Bara Hindi ilimpa karabini 50 za askari wa mizinga, pamoja na mikanda na sime za kuchomekwa mdomoni, na risasi 20,000. Karabini ya aina hiyo ilikuwa ndugu mfupi wa bunduki ya Enfield ya mwaka 1853. Mtutu wa bunduki kamili ulikuwa sentimeta 99, wa karabini sentimeta 61, na uzito ulishuka kutoka kilo 4.3 hata kilo tatu na nusu hivi. Askari wa mizinga alitengenezewa silaha fupi kwa kuwa mikono yake ilikuwa na kazi nyingine. Mpagazi na mlinzi wa safari walikuwa na hali iyo hiyo, na huenda hapakupata kutokea katika njia ile uchaguzi wa silaha uliofikiriwa vizuri kuliko huo.

Lakini hesabu haikuishia katika karabini. Risasi moja ya Enfield ilikuwa na gramu 34 hivi, na pamoja na baruti na karatasi iliyoviringiwa ilikaribia gramu 40. Risasi 20,000 basi ni kilo 800, na kama zote zingebebwa kwa pamoja zingehitaji wapagazi 25. Kilo moja iliyopunguzwa katika kila bunduki, mara 50, ni mizigo isiyotimia miwili. Wenye kubishana juu ya uzito wa bunduki husahau mara kwa mara kwamba bunduki hula, na chakula chake ni kizito kuliko yenyewe. Na karatasi hiyo ya risasi ilikuwa na historia yake, kwani katika mwaka ule ule wa 1857 uvumi wa kwamba ilipakwa mafuta ya ng'ombe na ya nguruwe ndio uliowasha maasi ya askari wa jeshi la Bengali, jeshi la Speke mwenyewe, wakati yeye akiwa njiani pamoja na Burton.

Mwezi wa Februari 1862 Speke alifika katika ikulu ya Kabaka Mutesa wa Buganda. Miongoni mwa zawadi alizomtolea zilikuwamo bunduki moja ya Whitworth, bastola moja, na karabini tatu pamoja na risasi zake. Kwa maandishi ya Speke mwenyewe, Mutesa aliijaza karabini moja, akampa mtoto mtumishi wa ikulu, akamwamuru atoke nje akampige mtu. Mtoto akatoka, bunduki ikalia, naye akarudi akiwa na furaha ya kijana aliyekwisha kufanikiwa katika mchezo. Hakuna aliyeuliza aliyekufa alikuwa nani. Yapasa isemwe kwamba habari hii ina shahidi mmoja tu, tena mgeni aliyekuwa akiwaandikia wasomaji wa kwao. Lakini kama ni kweli, basi sifa yenyewe iliyoifanya karabini ichaguliwe kwa ajili ya njia ya milima, yaani kwamba hata mwenye mwili mdogo aweza kuibeba na kuielekeza, ndiyo iliyouwezesha mkono wa mtoto kuitumia. Speke aliyasimulia kwa kuchukizwa, asijihesabu kuwa na sehemu katika jambo hilo. Hapo hesabu yake ilikuwa pungufu.

Mwisho wake mwenyewe ulikuwa wa bunduki. Tarehe 15 Septemba 1864, siku moja kabla ya mjadala uliotarajiwa kati yake na Burton katika mji wa Bath juu ya chanzo cha Naili, alikuwa akiwinda kwale katika mashamba ya jamaa zake huko Wiltshire. Alikuwa akivuka ukuta mfupi wa mawe. Bunduki yake ya Lancaster, ambayo ilikuwa ya kisasa, ya kujazwa nyuma, haikuwa na kizuizi cha usalama, ikalia na kumpiga kifuani.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Majeshi ya Ulaya yalizitupa bunduki za kushindilia, na silaha zilizotupwa zikatafuta soko. Unguja ilikuwa soko. Hamed bin Muhammed el Murjebi alilipata jina la Tippu Tip, kwa kauli yake, kutokana na mlio wa bunduki za watu wake. Mwaka 1888 Euan-Smith, balozi mdogo wa Uingereza katika Unguja, alikadiria kwamba bunduki zinazofika huko kila mwaka zilikuwa kati ya 80,000 na 100,000. Mwaka ule ule Bushiri bin Salim aliwaongoza watu wa pwani kuipinga kampuni ya Wadachi, na tarehe 8 Mei 1889 Hermann von Wissmann akaivunja boma yake karibu na Bagamoyo. Ulaya ikaona kwamba biashara iliyoinufaisha ilikuwa ikiigeukia.

Ndipo ikaandikwa Sheria ya Brussels ya tarehe 2 Julai 1890. Ilikataza kuingizwa kwa silaha na risasi katika Afrika kutoka nyuzi 20 kaskazini ya Ikweta hata nyuzi 22 kusini, isipokuwa gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti yake ya kawaida. Kwa msasi wa Uzaramo au wa Uluguru, uchaguzi wa bunduki ulikuwa umekwisha kufanywa na watu wasiomjua, katika mji asiopata kuuona. Mwaka 1896 Wissmann, ambaye sasa alikuwa Gavana, akatoa amri ya kuhifadhi wanyama na ya kutoza ada ya ruhusa ya kuwinda. Kuhifadhi wanyama kulikuwa kwa lazima, hilo halikanushiki. Lakini ndovu hawakuwa wamepunguzwa na gumegume za wanavijiji peke yao.

Ushahidi wa jambo hilo waweza kupatikana Karamoja, kaskazini ya Uganda. Huko, mwanzoni mwa karne ya 20, W. D. M. Bell, Mskochi, alizikataa bunduki nzito za wasasi wenzake. Alipasua kichwa cha ndovu kwa msumeno ili ajue ubongo uko wapi, kisha akatumia bunduki ya Rigby ya milimeta 7, ambayo risasi yake ina gramu 11 tu, sehemu ya kumi ya ile risasi ya nambari nne. Kwa bunduki nyepesi aliweza kutembea siku nzima, akasimama bila kutetemeka, akapiga pale alipokusudia. Ndovu wake walizidi 1,000. Kama jibu la swali la uzito, ni jibu kamili, na huenda hakuna aliyelithibitisha vizuri kuliko yeye. Kama hesabu ya ndovu, ni nyingine.

Katika miaka hiyo hiyo, sheria ya bunduki ilimruhusu msasi wa Uluguru chombo cha babu yake. Aliupanda mlima na kilo zake nne na nusu begani na mtutu mrefu ukinasa katika matawi, na katika miezi ya masika aliifunika baruti kwa kipande cha ngozi, akitumaini kwamba jiwe litatoa cheche.