Dawa ilitangulia, mfamasia akachelewa

Mashariki mwa Kongo, hasa Kivu, watu wengi hawasemi "kidonge". Husema "kinini", hata kama kilichomo mkononi ni dawa ya kichwa au ya minyoo. Jina hilo limetokana na kwinini, dawa ya malaria. Dawa moja ikazipa nyingine zote jina lake. Ndivyo dawa za kizungu zilivyoingia vijijini: zilitoka mkononi mwa mtu mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyempima mgonjwa, akachagua dawa, akaigawa. Mtu wa pili wa kutazama hakuwepo.

Mtu huyo wa pili ndiye mfamasia. Wakaaji wengi wanamjua kama mwenye duka la dawa, na hapo ndipo kazi yake inapofichika. Kazi yake kwa mgonjwa ni kusoma ordonansi kabla dawa haijatoka. Kipimo kinalingana na uzito wa mtoto? Dawa hii haigombani na ile anayomeza tayari? Vidonge vilivyo ndani ya kopo ndivyo vilivyoandikwa nje? Huko Ulaya, sheria ya kumtenga anayepima na anayetoa dawa iliandikwa tangu karne ya 13, chini ya Kaizari Frederick II. Daktari alikatazwa hata kushirikiana faida na muuza dawa. Wabelgiji walipokuja Kongo, utaratibu huo ulikuwa na umri wa miaka mia kadhaa kwao. Lakini hawakuuleta hadi kijijini.

Walicholeta ni kampeni. Ugonjwa wa malale uliua watu wengi sana mwanzoni mwa karne ya 20, na serikali ya kikoloni ikatuma vikundi vya kupima shingo za watu na kudunga sindano. Dawa ya kwanza iliyotumika kwa wingi, atoksili, ilikuwa na arseniki ndani yake na iliwapofusha baadhi ya wagonjwa. Mwaka 1920 daktari wa Marekani, Louise Pearce, alifika Léopoldville kujaribu dawa mpya, triparsamidi. Ilifanya kazi vizuri kuliko ya kwanza, ila nayo ilikuwa hatari kwa macho kipimo kikizidi. Msiba mkubwa ulitokea nje ya Kongo, huko Bafia, Cameroun, chini ya Wafaransa: karibu mwaka 1930 kipimo kiliongezwa kupita kiasi, na mamia ya watu wakabaki vipofu. Aliyeamua kipimo alikuwa daktari. Waliodunga walitii.

Kwenye karatasi, Kongo haikukosa sheria. Amri ya tarehe 15 Machi 1933 ilipanga kazi ya ufamasia katika koloni. Lakini wafamasia walikuwa Wazungu wachache, wa mijini. Vijijini dawa zilikaa kwenye sanduku la misheni, kwenye zahanati ya kampuni au mikononi mwa muuguzi Mkongo aliyefundishwa kuchanganya, kudunga na kuandika katika daftari. Wauguzi hao walibeba mzigo mkubwa, na haifai kuwadharau. Walichonyimwa ni mtu wa kuwaambia "ngoja kwanza".

Tukio moja la nyakati hizo linahusu Kivu moja kwa moja. Mwaka 1942 Wajapani waliteka kisiwa cha Java, kilichokuwa kikitoa sehemu kubwa mno ya kwinini ya dunia nzima. Mashamba ya miti ya kinkina katika milima ya Kivu yakawa mali ya vita. Ganda la mti lililovunwa huko lilitibu askari wa mbali, na kutokana na zao hilo Bukavu ikapata kiwanda kinachojulikana leo kwa jina la Pharmakina. Yaani mji ambao watu wake huita kila kidonge "kinini" ulikuwa pia mji wa kutengeneza kwinini. Ni sehemu chache za Afrika zilizokuwa na bahati hiyo. Na bado, kilometa chache kutoka kiwandani, mama mwenye mtoto wa homa aliweza kununua kwinini kwa muuzaji asiyejua kwamba dawa hiyo hushusha sukari mwilini, na kwamba mtoto aliyezimia baada ya kuipata huenda amezimia kwa kukosa sukari, si kwa malaria.

Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, Kongo haikuwa na daktari wake mwenye shahada kamili. Ilikuwa na wasaidizi wa madaktari zaidi ya mia moja, na baadhi yao walipelekwa Ufaransa kumalizia masomo. Pengo la madaktari lilisemwa duniani kote. La wafamasia halikuzungumzwa sana, maana mgonjwa haulizi mfamasia yuko wapi. Anauliza dawa iko wapi.

Katika miaka ya 1970, huko Kasongo, katika Maniema, jaribio moja lilifanywa kwa msaada wa chuo cha tiba cha Antwerp. Vituo vya afya viliendeshwa na wauguzi, kwa orodha fupi ya dawa na maelekezo yaliyoandikwa: ukiona hiki, toa hiki, kipimo hiki. Hiyo ilikuwa njia ya busara. Kwa kuwa mtaalamu wa dawa hawezi kukaa katika kila kituo, ujuzi wake uliwekwa kwenye karatasi. Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu mwaka 1977, na katika miaka ya 1980 Zaire iligawanywa katika maeneo ya afya 306, mpango ambao nchi nyingine zilikuja kujifunza.

Kisha fedha za serikali zikaisha. Mwaka 1987 mawaziri wa afya wa Afrika walikubaliana Bamako kwamba vituo vya afya vijiendeshe kwa kuuza dawa muhimu na faida ibaki kituoni. Nia ilikuwa njema, na pasipo mpango huo vituo vingi vingefungwa. Ila katika nchi ambayo mishahara hailipwi, muuguzi alijikuta anapima, anaandika, anauza, na anaishi kwa kile alichouza. Sindano moja zaidi ni chakula cha jioni. Lile ambalo sheria ya Frederick II ilizuia likawa utaratibu wa kawaida. Wengi husema shida ni tamaa ya wauguzi. Historia inaonyesha zaidi kwamba ni muundo: mtu mmoja alipewa viti vitatu akalie.

Vita viliongeza mengine. Mwaka 1993 ilianzishwa ASRAMES, kule Goma, ghala la kununua dawa muhimu kwa wingi na kuzigawa katika maeneo ya afya, na mwaka uliofuata kipindupindu kiliua makumi ya maelfu ya wakimbizi pembeni mwa mji huo. Maghala ya namna hiyo yaliokoa mengi. Lakini pembeni yake soko la wazi lilikua haraka kuliko ghala lolote. Dawa zilivuka mipaka kwenye mizigo ya pikipiki, zikauzwa juani, moja moja, bila kopo na bila karatasi.

Matokeo yake yalionekana kaskazini-mashariki, upande wa Ituri, kuanzia mwisho wa mwaka 2014. Watu walianza kufika vituoni wakiwa na shingo zilizokakamaa, nyuso zimepinda, ndimi zinatoka nje bila kuzuilika. Kwanza ilidhaniwa ni uti wa mgongo, kwa kuwa shingo ngumu ndiyo alama yake. Lakini wagonjwa hawakuwa na ugonjwa huo. Vipimo vilipofanywa, ilionekana kwamba vidonge vilivyotolewa kama diazepamu, dawa ya kutuliza, vilikuwa na haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili. Kufikia Agosti 2015 watu zaidi ya 1,000 walikuwa wamelazwa, na baadhi walifariki. Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo katikati ya mwaka huo.

Miezi ilipita kati ya mgonjwa wa kwanza na onyo hilo. Hapa ndipo swali la mfamasia linapoacha kuwa la vyuo vikuu. Waganga walitafuta ugonjwa ndani ya mwili, kama walivyofundishwa. Mtu ambaye kazi yake ni kushuku kidonge kwanza, anayeuliza kila aliyelazwa alimeza nini na kilitoka kwenye kopo lipi, hakuwa kwenye mnyororo huo.

Sheria imeanza kusogea. Amri ile ya 1933 iliendelea kuongoza kazi hiyo hadi sheria ya afya ya umma ya tarehe 13 Desemba 2018, miaka 85 baadaye. Chama rasmi cha wafamasia kilikuwepo tangu 1991, na mamlaka mpya ya kusimamia dawa, ACOREP, ilianzishwa mwaka 2020. Chuo kikuu rasmi cha Bukavu nacho kinafundisha ufamasia. Maeneo ya afya sasa ni 519. Vijana wanaohitimu wanapendelea miji, na nani awalaumu, ikiwa hospitali ya kijijini haina nafasi ya kazi yao wala mshahara?

Wakati huohuo dawa zenyewe zinadai ujuzi zaidi. Mwaka 2010 utafiti uliofanyika katika nchi tisa za Afrika, Kinshasa ikiwemo, uliwahusisha watoto 5,425 wenye malaria kali. Sindano ya artesunati ilipunguza vifo kwa asilimia 22.5 kuliko kwinini. Tangu hapo kwinini imepewa nafasi ya nyuma. Artesunati huja kama unga. Unaichanganya kwanza na maji yake ya bikaboneti, halafu na maji ya chumvi, na kiasi cha maji hayo hutofautiana kati ya mshipa na msuli. Ikishachanganywa haisubiri hadi jioni. Mtoto mwenye uzito chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo, na mwenye zaidi ya hapo hupewa 2.4. Katika vituo vingi hesabu hiyo inafanywa usiku, kwa mwanga wa tochi ya simu, na muuguzi yuleyule aliyepokea mgonjwa mlangoni.