Stechford: Mafuriko Mbali na Bahari

Stechford haina pwani. Mtaa huu wa mashariki mwa Birmingham uko karibu mita 100 juu ya usawa wa bahari, na maji ya kujaa yanayopanda mto Trent, unaopokea maji ya huku, huishia Cromwell, Nottinghamshire, mbali sana na hapa. Mafuriko ya Stechford huletwa na mto Cole.

Mto wenyewe ni mdogo. Unaanzia nje ya jiji, upande wa kusini, unapita kwenye kinu cha zamani cha Sarehole na Hay Mills, ndipo ufike Stechford na kuelekea Coleshill. Lakini udongo wa huku ni mfinyanzi usionyonya maji upesi, na jiji limeuongezea lami na mapaa. Mvua ikipiga, Cole hufura kwa saa chache, kisha hupungua karibu kwa kasi ileile. Tarehe 27 Mei 2018, Edgbaston ilipata milimita 58 kwa saa moja; kwa mvua ya namna hiyo, hakuna mfereji wa mtaani unaofua dafu.

Stechford ilikuwa sehemu ya Yardley, katika Worcestershire, hadi Birmingham ilipoimeza Yardley mwaka 1911. Nyumba zilijaa, ila sehemu kubwa ya bonde ilibaki majani. Mwaka 1985 ukaanza mradi wa kuusafisha mto na kulitunza bonde lake, na leo kuna hifadhi ya kilomita 11 hivi kutoka Small Heath hadi Chelmsley Wood. Cole ukifurika, aghalabu hulowesha nyasi na njia za miguu kabla ya kufika sebuleni mwa mtu.

Dar es Salaam haikuupa mto wake Msimbazi nafasi hiyo. Huko mvua kubwa ikikutana na bamvua, bahari huuzuia mto kwenye mdomo wake karibu na Daraja la Selander, na maji hurudi Jangwani, kwenye nyumba za watu. Desemba 2011 mafuriko ya jiji hilo yaliua watu zaidi ya 40. Waliookolewa mabondeni wakapewa viwanja Mabwepande.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa mradi wa Bonde la Msimbazi, na mipango yake ina bustani kubwa ya jiji. Bustani hiyo iwe ya mto kwanza, ya watu baadaye. Nyumba zikirudi humo, fedha hizo zitakuwa zimetupwa majini.