Keke ya Uta: Zana Iliyojenga Majahazi ya Pwani

Katika kapu la zana za fundi mzee wa pwani, kando ya tezo, juba na patasi, huenda ukakuta kijiti kirefu kilichofungwa kamba iliyolegea. Asiyekijua hudhani ni uta wa mtoto, akakitia jikoni. Kumbe ni sehemu ya keke, zana iliyotoboa mbao za majahazi na milango ya nakshi kabla ya mashine za umeme.

Keke kamili ina sehemu nne, na mmisionari Mwingereza Edward Steere alizitaja katika kitabu chake cha Kiswahili kilichochapishwa mwaka 1870. Kekee ni chuma kinachotoboa. Msukano ni mti wa mviringo unaoshika chuma hicho. Jivu ni mpini wa juu ambamo msukano huzungukia. Ya nne ni uta. Fundi huuzungusha ugwe wa uta kwenye msukano, akakandamiza jivu kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akausukuma na kuuvuta uta kama mtu anayepasua mbao kwa msumeno.

Mwendo huo ndio unaoacha alama za kuitambua keke. Uta ukisukumwa, msukano huzunguka upande mmoja, ukivutwa, hugeuka. Kwa hiyo ncha ya kekee huwa bapa, imenolewa pande zote mbili ili ikate kwenda na kurudi. Chuma chenye mizunguko kama parafujo ni cha keke ya mkono iliyokuja baadaye, ambayo hukata upande mmoja tu. Utazame pia msukano: pale ugwe uliposugua, mti umelika na kung'aa.

Asili ya zana hii ni ya kale mno. Katika kaburi la Rekhmire huko Thebes, Misri, la karne ya 15 kabla ya Kristo, wamechorwa maseremala wakitoboa mti kwa uta. Kwetu, habari za vyombo vya kushonwa ziliandikwa kwa Kigiriki tangu karne ya kwanza baada ya Kristo, na mitepe, vyombo vya namna hiyo, iliendelea kushonwa kwa kamba za makumbi hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Kila mshono ulihitaji tundu. Hata jahazi la misumari halikuepuka kazi hiyo, maana ubao mgumu ukipigiliwa bila kutobolewa kwanza hupasuka.

Basi ukirithi kapu la namna hiyo, usiipige msasa zana yoyote wala kuipaka rangi, kwa maana utafuta ushahidi wake. Zifunge sehemu zote nne za keke pamoja. Andika jina la fundi, mji wake na vyombo alivyounda. Na kama wapo wazee waliowahi kuivuta keke, waulize leo.