Ucheleweshaji wa Faili katika Mifumo Tawanyika

Ucheleweshaji wa faili ni muda unaopita tangu programu iombe faili iliyo kwenye kompyuta nyingine hadi data yake ifike. Katika mfumo tawanyika, ambamo faili hukaa kwenye seva zilizo mbalimbali, chanzo chake kikubwa ni umbali pamoja na idadi ya safari za ujumbe.

Tuseme zahanati ya Ugweno, katika milima ya Upare ya Kaskazini wilayani Mwanga, inatunza majalada ya wagonjwa kwenye seva ya Dar es Salaam, kilometa 500 hivi. Ndani ya mkongo wa mawasiliano nuru hukimbia takriban kilometa 200,000 kwa sekunde, hivyo kwenda na kurudi ni milisekunde 5 tu. Seva ikiwa Ulaya, mwisho wa mkongo wa kilometa 10,000, ni milisekunde 100. Kupitia setilaiti iliyo kilometa 35,786 juu ya ikweta, njia iliyotegemewa sana nchini kabla mkongo wa baharini wa SEACOM haujafika Dar es Salaam mwaka 2009, ni nusu sekunde. Na kufungua faili moja kunaweza kudai safari kumi: kutafuta jina, kukagua ruhusa, kusoma kipande baada ya kipande. Kwa setilaiti hizo ni sekunde 5, na kununua kifurushi kikubwa zaidi cha intaneti hakupunguzi hata safari moja.

Safari zenyewe zinaweza kupunguzwa. Toleo la nne la NFS, itifaki ya kutumia faili za kompyuta nyingine kupitia mtandao, huruhusu maombi kadhaa yaende katika ujumbe mmoja. Lakini dawa kuu ni nakala ya karibu. Upareni wakulima hujaza ndiva, yaani mabwawa madogo ya umwagiliaji, kwa maji ya kijito usiku, wakayafungulia mashambani mchana. Seva ndogo ya kijijini nayo inaweza kuvuta faili usiku, njia ikiwa tulivu.

Mfumo wa Andrew, uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, miaka ya 1980, ulileta faili nzima kwenye diski ya mtumiaji, na seva ikaahidi kumjulisha faili hiyo itakapobadilika. Ahadi hiyo ndiyo uvumbuzi mkubwa, kwa kuwa ilikomesha maswali ya kila mara kwa seva. Coda, mrithi wake, uliruhusu kazi iendelee hata mawasiliano yakikatika. Kwa vijiji vya milimani, huo ndio mfano bora wa kuigwa.

Hatari ni nakala iliyopitwa na wakati. Mwongozo wa chanjo wa jana unafaa kusomwa leo; nakala ya zamani ya orodha ya dawa za mgonjwa aliyerudi kutoka hospitalini jana jioni haifai, na hapo mfumo hauna budi kuiuliza seva kuu na kusubiri.