Mapokeo na Mageuzi katika Mifululizo ya Star Trek, 1966–2023

Star Trek ni mfululizo wa televisheni uliobuniwa na Gene Roddenberry, ukaanza kuonyeshwa nchini Marekani tarehe 8 Septemba 1966 na kukomeshwa mwaka 1969, baada ya misimu mitatu na sehemu 79. Tangu hapo umezaa mifululizo mingine mingi, pamoja na filamu 13 zilizoonyeshwa katika majumba ya sinema kati ya mwaka 1979 na 2016. Bunilizi hii ya kisayansi imekwisha kujijengea historia yake yenyewe: ina vita vyake, nasaba zake, mikataba yake na tarehe zake, na wako watazamaji wanaoijua kuliko wanavyoijua historia ya nchi zao. Mwandishi anayeitwa kutunga mfululizo mpya huingia katika nyumba ambayo nguzo zake zilisimamishwa na wengine, ambao wengi wao ni marehemu.

Swali la makala haya ni hili: waandishi hao wa baadaye wameyatendeaje mapokeo waliyoyakuta? Sisi tulio katika taaluma ya lugha na fasihi za Kiafrika tuna haki ya kuliuliza. Tumezoea kusoma nakala za historia ya Pate ambazo hazipatani, na visa vya Fumo Liyongo ambavyo kila msimulizi ana namna yake ya kuvisimulia. Tena, kama tutakavyoona, neno moja la Kiswahili limo ndani ya mapokeo haya ya Kimarekani tangu mwaka wa kwanza.

Tofauti moja yafaa itajwe mapema. Msimulizi wa jadi husahihishwa na hadhira yake papo hapo. Akikosea nasaba, wazee humkatiza. Katika Star Trek mwenye neno la mwisho ni mwenye hakimiliki. Mfululizo wa katuni wa mwaka 1973–1974 uliwahi kutolewa katika mapokeo rasmi na ofisi ya Roddenberry mwenyewe mwishoni mwa miaka ya 1980. Hata hivyo jina la kati la Nahodha Kirk, yaani Tiberius, ambalo lilitamkwa kwanza katika katuni hizo, lilirudi katika filamu ya mwaka 1991 kana kwamba amri ile haikuwahi kutolewa. Mapema zaidi, katika sehemu moja ya mwaka 1966, kaburi aliloandaliwa Kirk lilikuwa limeandikwa herufi R mahali pa T. Hilo limeachwa lijifie.

Mfano ulio mashuhuri kupita yote ni ule wa Waklingoni, maadui wa tangu zamani. Walipotokea kwanza mwaka 1967 walikuwa waigizaji waliopakwa rangi usoni na kubandikwa ndevu, basi. Filamu ya mwaka 1979 iliwapa mapaji ya nyuso yenye matuta ya mifupa, wala haikusema neno kueleza. Kimya hicho kilidumu miaka 17. Mwaka 1996, katika maadhimisho ya miaka 30, mfululizo wa Deep Space Nine uliwarudisha wahusika wake ndani ya sehemu ya mwaka 1967, na humo Worf, Mklingoni mwenye matuta, akakutana na wazee wake wasio nayo. Wenzake walipomwuliza, alijibu tu kwamba hilo ni jambo ambalo watu wake hawalizungumzi na wageni. Jibu hili twaliona kuwa bora kuliko yote yaliyofuata. Linakiri tofauti, linachekesha, na juu ya hayo linawapa Waklingoni aibu ya pamoja, kitu ambacho hawakuwa nacho hapo kwanza.

Mwaka 2005 mfululizo wa Enterprise ulitumia sehemu mbili nzima kulieleza jambo lile lile: ulikuwa ugonjwa uliotokana na majaribio ya kugeuza chembe za urithi. Kimantiki hayana dosari maelezo hayo, lakini siri ya taifa imegeuzwa kuwa cheti cha daktari. Wala hayakudumu. Discovery ya mwaka 2017 iliwaleta Waklingoni wenye vipara na sura mpya kabisa. Mwaka 2019 nywele zikaota. Na mwaka 2023 Strange New Worlds iliwarudishia sura iliyozoeleka ya matuta na nywele ndefu, safari hii bila kueleza lolote.

Lugha ya watu hao ilitendewa kwa uangalifu mkubwa kuliko nyuso zao. Maneno machache ya kwanza yalibuniwa na mwigizaji James Doohan kwa ajili ya filamu ya mwaka 1979. Kwa filamu ya mwaka 1984 aliitwa mwanaisimu, Marc Okrand, ambaye tasnifu yake ya udaktari ilihusu sarufi ya Kimutsun, lugha ya wenyeji wa asili wa California. Okrand hakuyatupa maneno ya Doohan. Aliyachukua kuwa data, mfano wa mtafiti aliyeletewa kanda ya lugha asiyoijua, akajenga fonolojia na sarufi iwezayo kuyabeba, yenye mpangilio wa yambwa, kitenzi, kisha kiima. Waigizaji walipoteleza ulimi, mara nyingine makosa yao yaliingizwa katika lugha yakawa maneno halali. Kamusi yake ilitoka mwaka 1985. Lugha hiyo haikuwa na kitenzi cha “kuwa”. Na filamu ya mwaka 1991 ilipotaka usemi maarufu wa Hamlet kuhusu kuwapo na kutokuwapo utamkwe kwa Kiklingoni, Okrand alikimbilia kitenzi taH, chenye maana ya kuendelea. Yeyote aliyewahi kuhangaika na “ni” na “-po” mezani pa tafsiri atamwonea huruma na kumstahi. Aliyoyakuta aliyafanya kuwa sharti la kazi yake.

Kinyume cha mwenendo huo ni ule wa Discovery kumhusu Spock. Matukio ya mfululizo huo yamewekwa miaka kama kumi kabla ya safari za Kirk, na ndani yake ametiwa Michael Burnham, dada wa kulelewa wa Spock, ambaye tangu mwaka 1966 hapana aliyewahi kumtaja. Waandishi waliona ufa wakatafuta kiraka. Mwishoni mwa msimu wa pili, Aprili 2019, chombo kizima kinapelekwa karne ya 32, na wale wanaobaki nyuma wanaamriwa wasikitaje tena chombo hicho wala watu wake, la sivyo watashtakiwa kwa uhaini. Hii ni hila dhaifu. Ni sawa na mwandishi wa tarehe kuyafuta majina kwa sababu nasaba haikupatana. Lililo baya zaidi ni kwamba hila yenyewe haikuhitajika. Katika sehemu ya mwaka 1967 iitwayo Journey to Babel, Sarek alifika chomboni kama balozi, na Spock hakumwambia nahodha wake kwamba huyo ni baba yake mpaka hali ilipomlazimu. Filamu ya mwaka 1989 nayo ilimleta Sybok, nduguye wa baba mmoja, ambaye pia alikuwa hajatajwa popote. Mapokeo yenyewe yalikwisha kutuambia kwamba Spock hasemi habari za kwao. Kimya cha Burnham kilikuwa na nyumba tayari. Waandishi wakakijengea kibanda nje.

Waandishi hao hao, hata hivyo, ndio waliotuletea matumizi mema ya mapokeo katika mkasa wa Nahodha Pike. Pike alikuwa nahodha katika sehemu ya majaribio iliyotengenezwa mwaka 1964 na kukataliwa na kampuni ya televisheni. Picha zake zilitumiwa tena mwaka 1966 katika kisa cha The Menagerie, ambamo Pike ni kiwete asiyeweza kusema, aliyeunguzwa na mnururisho alipokuwa akiwaokoa vijana mafunzoni. Hali hiyo ilibuniwa ili picha za zamani zipate kutumika. Yaani lilikuwa jambo la uchumi. Lakini mwaka 2019 Discovery ilimwonyesha Pike mwisho wake huo kabla haujafika, naye akaukubali, na Strange New Worlds, iliyoanza mwaka 2022, inamfuata akiishi na ujuzi huo. Katika sehemu ya mwisho ya msimu wa kwanza anajaribu kuukwepa, akaonyeshwa kwamba wengine ndio watakaolipa, na wa kwanza wao ni Spock. Hapa mapokeo hayamfungi mwandishi. Hadhira inajua atakavyoishia, kama inavyojua habari ya sindano ya shaba katika kisa cha Liyongo, na kwa kuwa inajua, kila anapocheka mezani na wenzake kicheko hicho kina uzito.

Ama kalenda, haina huruma kwa bunilizi. Mwaka 1967 ilisemwa kwamba Khan Noonien Singh alitawala sehemu ya dunia katika vita vya miaka ya 1990. Miaka hiyo ikapita. Mwaka 2023 Strange New Worlds ilimwonyesha Khan akiwa mtoto katika karne yetu hii, na jasusi mmoja analalamika kwamba mambo hayo yalipaswa kutokea mwaka 1992, na kwamba wasafiri wa nyakati wameyachelewesha. Inatosha kusema kwamba wamejitoa kwa kicheko.

Tumebakiza Uhura. Nichelle Nichols, aliyemwigiza, alisimulia kwamba siku ya kujaribiwa alikuwa na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, na jina likatokana nayo. Irabu ya mwisho ikageuzwa kuwa a, kwa mazoea ya Kizungu ya kuyapa majina ya wanawake mwisho huo, ingawa ngeli zetu hazijui mke wala mume. Kwa bahati, Kiarabu, ambacho ndicho asili ya “huru”, nacho humwita mwanamke aliye huru hurra. Lakini hatudhani kwamba kuna aliyelikumbuka hilo katika studio ya California. Jina la Nyota lilitumika katika maandishi ya miaka ya 1980, nalo halikutamkwa katika filamu mpaka mwaka 2009. Mfululizo wa kwanza ulimweka mezani pa mawasiliano, na zaidi ya hapo ulimpa machache. Filamu ya mwaka 1991 ilimdhalilisha: yeye na wenzake wanafunua makamusi kwa papara ili waseme maneno machache ya Kiklingoni. Mwaka 2009 akafanywa mwanaisimu, na mwaka 2013 akazungumza Kiklingoni ana kwa ana na wenyewe. Ila filamu hizo zilikuwa zimejitenga katika mkondo mwingine wa historia, basi hazikudaiwa kupatana na zilizotangulia. Strange New Worlds imo katika mkondo wa zamani, nayo imeyapuuza makamusi ya mwaka 1991 waziwazi. Twaona ilifanya vyema. Uhura wake anajua lugha 37, amekulia Kenya, wazazi wake walikuwa wakifundisha katika chuo kikuu cha Nairobi, na walikufa katika ajali ya chombo. Katika sehemu ya pili ya msimu wa kwanza anatambua kwamba kimondo kinajibu muziki, naye anakifungua kwa sauti yake.

Yafaa mtu aliyeyaona hayo arudi kwenye sehemu ya mwaka 1967 iitwayo The Changeling. Humo mashine inafuta yote ayajuayo Uhura, na inabidi afundishwe kusoma tangu mwanzo, kwa Kiingereza. Anapokwama, Kiswahili kinamtoka kinywani. Mwaka 1967 hapana aliyeeleza kwa nini, na yaelekea ilikuwa pambo tu. Kwa mtazamaji wa leo, lugha hiyo ni ya wazazi waliokwisha kufa, naye anaisema bila kujua kwamba wamekufa.