Vitabu vya Vifo vya Kampala

Februari 1897 daktari Mwingereza aliyeitwa Albert Cook, mwenye umri wa miaka 26, alifika Mengo, hapa Kampala, kutoka Mombasa. Reli ilikuwa bado, na msafara wa wamisionari wa CMS aliosafiri nao ulikuwa njiani kwa miezi kadhaa. Mwezi Mei hospitali yao ya kwanza, ya matete na paa la nyasi, ilifunguliwa kwenye kilima cha Namirembe. Kule London Malkia Victoria alikuwa akitimiza miaka 60 ya utawala wake. Huku Buganda Kabaka Mwanga aliinuka dhidi ya Waingereza mwezi Julai, na kabla ya mwaka kwisha askari Wasudani nao wakaasi. Katikati ya majeruhi na homa, Cook aliandika. Mgonjwa aliyelazwa aliandikiwa jina lake, anakotoka, alichokuwa anaumwa na alivyotibiwa, ukurasa baada ya ukurasa, kama alivyofundishwa katika hospitali ya St Bartholomew's. Maandishi hayo yapo hadi leo, yamehifadhiwa katika maktaba ya tiba ya Makerere inayoitwa kwa jina lake.

Wanaosimulia habari za Mengo husifu upasuaji na ujasiri, nami sipingi. Ila mimi nilikuwa karani wa kumbukumbu za wagonjwa hapa Kampala mpaka nilipostaafu, na kinachonigusa zaidi ni yale madaftari. Nilizaliwa katika kambi ya polisi ya Nsambya, ambako Kiswahili kilituunganisha sisi watoto wa Waacholi, Wateso, Walugbara na Waganda, kisha nikapitisha maisha yangu ya kazi nikiandika majina ya watu wa kila kabila, wazima na marehemu. Kazi hiyo imenipa imani moja: kifo kisichoandikwa hakiwafundishi kitu waliobaki, na kifo kilichoandikwa vibaya huwafundisha uongo. Historia ya Kampala inayashuhudia yote mawili.

Uingereza ya Victoria ilianza kuandikisha vizazi na vifo kwa sheria mwaka 1837. Katika ofisi kuu ya usajili William Farr alipanga vifo vya nchi nzima kwa sababu zake, na baadaye kila wilaya ya mji ikawa na daktari wake wa afya, anayetoa taarifa kila mwaka: watoto wangapi wamekufa kwa kuhara, wangapi kwa kifaduro, na katika mtaa upi. Kwa taarifa hizo watu walipigania mabomba ya maji na mitaro ya maji machafu. Ushindi wa vita hivyo ulipatikana kwa hesabu, maana diwani anaweza kukibishia kilio, lakini orodha ya watoto waliokufa katika mtaa mmoja humnyamazisha.

Mengo haikuwa na orodha ya namna hiyo, lakini isidhaniwe kwamba Waganda hawakuwa na njia ya kuhifadhi habari za vifo. Mtu akifa, ukoo hukusanyika, maiti huvikwa lubugo, yaani nguo ya gome la mti, na kuzikwa, kisha siku ya olumbe mrithi huonyeshwa mbele ya watu wote, mwanamume akikabidhiwa mkuki. Kuanzia siku hiyo hakuna anayeweza kukana kwamba fulani amekufa na fulani amechukua nafasi yake. Baada ya Mkataba wa 1900 kati ya Waingereza na Buganda kugawa ardhi ya mailo, mambo ya urithi wa ardhi hiyo yakawa yanafika katika Lukiiko, baraza la Buganda kule Mengo, hivyo kumbukumbu ya ukoo ikaingia katika karatasi. Ni kumbukumbu nzuri, na mpaka leo inaokoa mashamba ya watu. Lakini swali lake ni nani anarithi, wala haihitaji kujua marehemu alikufa kwa nini. Tena mtoto mchanga hana mrithi. Walioongoza kwa kufa ndio walioachwa nje kabisa.

Thamani ya daftari la hospitali ilionekana mapema. Mwaka 1901 Cook na mdogo wake Jack, ambaye naye alikuwa daktari, waliona pale Mengo wagonjwa wanaosinzia mchana, wanaokonda, wanaozungumza kwa taabu, mpaka usingizi unawamaliza. Waganda waliuita ugonjwa huo mongota. Waswahili twauita malale. Daktari mwenye maandishi ya miaka minne anaweza kusema kwa uhakika kwamba ugonjwa huu hakuuona mwanzo, na hilo ndilo ndugu hao walilotangaza. Mwaka uliofuata Royal Society ya London ikatuma tume. Aldo Castellani akaona vimelea katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, na David Bruce, aliyefika 1903, akaonyesha kwamba mbung'o ndiye anayevisambaza. Kuanzia 1906 Kamishna Hesketh Bell akaamuru watu wahamishwe kutoka pwani ya Ziwa Victoria. Inakadiriwa kwamba zaidi ya watu 200,000 walikufa Buganda, Busoga na visiwani. Nasema inakadiriwa kwa sababu hakuna aliyewaandika mmoja mmoja. Visiwa vya Ssese vilibaki mahame, na majina ya wengi waliokuwa wakiishi huko hayamo katika kitabu chochote.

Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ilitungwa Uganda mwaka 1904, na machifu wa Buganda walitakiwa kupeleka hesabu kutoka maeneo yao. Lakini uandikishaji haukuwa wa lazima kwa kila mtu mpaka 1973. Katikati ya miaka hiyo Kampala ilikuwa miji miwili iliyogusana mabega. Upande mmoja ulikuwa mji wa serikali ya kikoloni, Nakasero na maduka yake, wenye daktari wa afya na mabwana afya wa kukagua vyoo na panya. Upande wa pili ulikuwa Kibuga, makao makuu ya Kabaka, pamoja na Katwe na Kisenyi, chini ya machifu wa gombolola na muluka. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson, aliyewahi kuwa daktari wa afya wa Calcutta, alitumwa kukagua miji ya Afrika Mashariki. Alipendekeza Wazungu, Wahindi na Waafrika wakae mbalimbali, na kati yao kiwepo kipande cha ardhi tupu. Tauni na malaria ndizo zilizotajwa kuwa sababu.

Mpaka huo uliwatenga watu, na hesabu zao nazo zikatengana. Aliyefia Nakasero alikuwa na cheti. Mpangaji wa Kisenyi alipozidiwa, wenziwe walichanga nauli wakampandisha gari arudi kwao Ankole, Busoga au West Nile, akafia huko. Alikuwa amekunywa maji ya Kisenyi na kulala katika chumba cha Kisenyi, lakini kifo chake hakikuhesabiwa Kisenyi. Mtaa mchafu ulionekana na afya kwenye karatasi kwa kuwa wagonjwa wake walikwenda kufa mbali. Jambo hili halijaisha. Nimewaona kwa macho yangu ndugu wanaomwondoa mgonjwa wodini usiku, kwa kuwa kumsafirisha akiwa hai ni nafuu kuliko kusafirisha maiti.

Sasa nije kwenye kuandika vibaya. Kati ya 1907 na 1908 Kanali Lambkin, daktari wa jeshi la Uingereza, aliitangazia dunia kwamba kaswende inaimaliza Buganda, na kwamba sehemu nyingine asilimia 80 ya watu wanayo. Sababu, alisema, ni Ukristo kulegeza adhabu za zamani na kuwapa wanawake uhuru wa kutembea. Waliosadiki walikuwa wengi, Cook mwenyewe akiwemo. Hospitali ya Mulago ilianza 1913 kwa ajili ya magonjwa hayo ya zinaa, na wanawake wakabebeshwa lawama ya nchi nzima.

Ilipita karibu nusu karne kabla ya Jack Davies, profesa wa patholojia wa Makerere, kuyachunguza upya madai hayo. Alionyesha kwamba sehemu kubwa ya ule ugonjwa haikuwa ya zinaa hata kidogo. Ilikuwa aina ya kaswende wanayoambukizana watoto kwa kugusana na kuchangia vyombo, pamoja na buba. Vifo vya watoto vilikuwa vya kweli. Sababu iliyoandikwa ndiyo iliyopotoka, na kwa sababu hiyo watu walihubiriwa maadili mahali walipohitaji sabuni, maji na dawa.

Lakini haki itendeke: hofu hiyohiyo ilizaa jema. Katharine Cook, nesi aliyefika katika msafara uleule wa 1897 na kuolewa na Albert mwaka 1900, alianzisha Namirembe shule ya kufundisha wakunga wa Kiafrika, iliyopewa jina la Lady Coryndon. Yeye na mumewe wakaandika kitabu cha ukunga kwa Kiganda. Wakunga hao walipelekwa katika zahanati za vijijini, na pamoja na kuzalisha walikuwa wakiandika. Kwa mara ya kwanza mtoto aliyekufa siku ya kuzaliwa, ambaye ukoo haukuwa na sherehe yake, alipata mstari wake katika daftari.

Madaftari ya Mengo yalifanya kazi tena baada ya Cook kufariki mwaka 1951. Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji Mulago, aliona mtoto mwenye uvimbe wa taya pande zote mbili, akaanza kukusanya habari za wagonjwa kama mtoto huyo, na 1958 akazichapisha. Watu wakauliza: ugonjwa huu ni mpya? Davies na wenzake wakarudi Namirembe, wakapitia kumbukumbu za 1897 hadi 1956, wakaukuta humo miaka mingi kabla ya Burkitt, katika mwandiko wa Cook. Vipande vya uvimbe wa watoto wa Mulago vilipelekwa London kwa ndege, na huko watafiti Epstein, Achong na Barr wakagundua mwaka 1964 kirusi kinachohusishwa na uvimbe huo, ambao ni saratani. Ni cha kwanza kujulikana kuhusiana na saratani ya binadamu.

Davies pia ndiye aliyeanzisha, mwaka 1951, rejesta ya saratani ya Kampala, miongoni mwa za kwanza barani Afrika. Ilihesabu saratani za watu wa Kyadondo, kaunti iliyoubeba mji huu, mpaka vita na fujo vilipoizimisha. Iliporejea 1989 ikakuta mambo yamegeuka: kwa wanaume saratani iliyoongoza ilikuwa Kaposi, kwa sababu ya UKIMWI. Kurasa zilizobaki tupu ni za miaka ileile ambayo ugonjwa huo uliingia nyumbani kwetu. Nimezika wengi wa rika langu walioanza kuugua katika miaka hiyo, na kila nikikumbuka kurasa hizo naona uchungu. Tulikosa dawa, lakini pia tulikosa mtu wa kuandika.

Niwaonyeshe jinsi kitabu kinavyojazwa, maana wengi hawajawahi kukiona. Rejesta ya chumba cha maiti ina safu za jina, umri, jinsia, makazi, wodi, saa ya kifo, sababu, na aliyeichukua maiti. Inaonekana rahisi. Lakini Mganda mmoja ana jina la ukoo na jina la ubatizo. Wodini aliandikwa kwa moja, ndugu wanakuja wakitaja jingine. Umri usiojulikana uliandikwa "mtu mzima". Mtoto asiyekuwa na jina aliandikwa kwa jina la mama yake, na mama huyo akipoteza watoto wawili kwa miaka miwili, mistari hiyo inafanana kabisa. Aliyefikishwa akiwa tayari amekufa aliandikiwa hivyo tu, na safu ya sababu ikabaki tupu. Makarani wavivu waliacha hapo. Sisi wengine tulitoka nje kwenye benchi, tukamuuliza mama yake au dada yake: alikuwa anakohoa? alivimba miguu? alianza lini? Majibu yao hayakuwa uchunguzi wa daktari, lakini yalikuwa bora kuliko ukimya.

Leo usajili uko chini ya NIRA, mamlaka ya taifa ya utambulisho na usajili, tangu sheria ya 2015, na kompyuta zipo. Bado vifo vingi vya Uganda haviandikwi popote. Watu huenda kutafuta cheti pale tu panapokuwa na benki, kiwanja au pensheni ya kudai, na hapo tumerudi kwenye lile swali la kale la nani anarithi.

Kwa hiyo nawaomba wasomaji. Ukifiwa hospitalini, usiondoke bila karatasi inayotaja sababu ya kifo. Ukifiwa nyumbani, mweleze mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, jina kamili la marehemu, umri wake na alivyougua, kisha fuatilia mpaka kifo kiandikishwe, hata kama marehemu ni mtoto wa siku moja asiye na hata mto wa kurithiwa. Na ninyi wakuu wa hospitali mlio na madaftari ya zamani stoo, yaondoeni penye mvua na mchwa, wala msiyauze kwa kilo. Cook hakujua kwamba maandishi yake yangehitajika miaka 60 baadaye, na ninyi hamjui nani atayahitaji haya yenu.