Neno la Kumi na Mbili (Sehemu ya Tano)

ILIPOISHIA
Furaha, fundi cherehani wa Rubondo, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, amegundua kwamba kaka yake, anayemwita Yaya, alikuwa akitunza kwa Bitcoin akiba ya likelemba, chama cha kuchangiana cha akina mama. Kaka amelazwa Mbarara, hajitambui tangu ajali ya bodaboda, na simu yake haijulikani ilipo. Mtu anayejiita Director ametuma ujumbe: "Piga picha ile karatasi ya maneno, nitumie, nitakufungulia." Kidole cha Furaha kiko juu ya kitufe cha kutuma.

SASA ENDELEA

"Furaha, weka hiyo simu chini."

Sikuiweka. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni, baiskeli ameiegemeza kwenye mfenesi, vumbi la chaki bado limemganda kwenye kola. Alihema kama mtu aliyefukuzwa na nyuki.

"Umetuma?"

"Bado."

"Basi ifute hiyo picha. Ukishaifuta, ingia kule zinakokaa picha zilizofutwa, uitoe na huko. Kisha zima data."

Nikafanya hivyo, mikono ikinitetemeka. Nikiri hapa, maana hili nimelificha wiki zote hizi: chini ya picha ile nilikuwa nimeshaandika "Asante sana baba."

Director akapiga. Nikakata. Akapiga tena, nikakata. Mara ya tatu akaandika: "Dada muda unakwisha, ofisi inafunga akaunti saa sita."

Mwalimu aliusoma ujumbe ule mara mbili.

"Ofisi gani? Bitcoin haina ofisi. Haina meneja, haina karani, haina namba ya kupiga ukikosea. Aliyeibuni alijiita Satoshi Nakamoto, na mpaka leo hajajulikana ni nani. Mtu akikwambia anatoka ofisi ya Bitcoin, mwulize na ofisi ya mvua iko mtaa gani."

Bibi, aliyekuwa pembeni akichambua maharage kwenye ungo, akacheka. Nilidhani hatusikilizi.

"Lakini Mwalimu, simu ya Yaya haionekani. Pesa si zimekwenda na simu?"

"Mama Chance anaandika wapi michango ya likelemba?"

"Kwenye daftari."

"Likiungua?"

"Kila mama ana nakala yake. Wanalinganisha kila Jumapili."

"Basi umeshaelewa nusu. Bitcoin ni daftari. Nakala zake ziko kwenye maelfu ya kompyuta duniani, na kila baada ya dakika kumi hivi linaongezwa ukurasa mmoja. Ndani ya simu ya kaka yako hapakuwa na hata senti. Palikuwa na ufunguo wa kusaini kwenye mstari wake wa daftari. Ufunguo huo unatengenezwa upya kwa maneno yale kumi na mawili, kwenye simu yoyote, nchi yoyote. Director haitaki simu ya kaka yako, binti yangu. Anataka karatasi."

Kisha akataja tarehe iliyonifanya nimtazame Bibi. Andiko la kwanza la Bitcoin, alisema, lilitolewa 31 Oktoba 2008. Siku tatu kabla yake mji wa Rutshuru, kule Kongo, ulikuwa umeanguka mikononi mwa waasi wa CNDP, nasi tulikuwa njiani kwenda Bunagana, mpakani mwa Uganda, mimi mgongoni mwa Bibi, Yaya ameshika pindo la kitenge chake. Bibi aliacha ng'ombe wawili, shamba la ndizi, na ndani ya sanduku la bati karatasi ya shamba lenyewe. Alivuka mpaka na sufuria moja. Ndiyo maana Yaya, alipoambiwa kuna mali unayoweza kuvuka nayo mpaka ikiwa kichwani tu, hakulala usiku ule.

Ila kichwa chake sasa kilikuwa kimefungwa bandeji huko Mbarara. Kwetu Rubondo ilibaki karatasi.

Niliitoa kifuani. Yaya alikuwa ameikunja mara nne, akaitia kwenye nailoni, akaichomeka kwenye ukuta wa udongo nyuma ya kitanda chake. Mwizi asingeipata. Lakini nailoni haikufungwa vizuri, na ukuta wa udongo una wenyewe. Mchwa walikuwa wameingia kupitia kona ya chini, wakajenga kijia chao chembamba cha matope juu ya maandishi, na pale kijia kilipopita karatasi ilikuwa imegeuka unga. Neno la tatu lilikuwa limeliwa mkia. La tisa vilevile. La kumi na mbili halikuwepo kabisa, palikuwa na tundu lenye kingo za kahawia, ukilitazama unaona mkeka.

Niliegemea ukuta uleule uliotukosea. Mwalimu yeye hakuonekana kushtuka.

"Usinisomee," alisema, na akageuza uso. "Wala usinionyeshe. Nijibu tu: neno la tatu limebakiwa na herufi ngapi?"

"Nne."

"Na la tisa?"

"Tano."

"Mungu ni mkubwa. Maneno hayo hayatoki hewani. Yapo kwenye orodha moja ya maneno 2,048, na yamechaguliwa kiasi kwamba herufi nne za mwanzo zinatosha kulijua neno zima."

Orodha hiyo, kumbe, ipo kwa Kiingereza, Kifaransa, Kijapani, hata Kicheki. Kiswahili hakimo. Sisi tulio wengi kuanzia Kisangani mpaka Lamu bado tunafunga mali zetu kwa kufuli la lugha ya jirani, lakini tuliache hilo.

"Na la mwisho?"

"La mwisho ndilo gumu. Hilo limebeba hesabu ya kuyahakiki yaliyotangulia. Kati ya yale 2,048, ni 128 tu yatakayokubalika hapo. Na kila linalokubalika litakufungulia nyumba. Nyumba 127 zitakuwa tupu. Moja ndiyo ya kaka yako."

Hapo Bibi akainua kichwa kutoka kwenye ungo.

"Alikuwa akiyasema usiku," alisema. "Kama anasali. Mimi Kiingereza sijui. Ila akifika mwisho ananyoosha kidole huko," naye akanyoosha chake, kupita mlango, kupita mihogo ya jirani, kule ambako Ziwa Nakivale linakuwa mstari mweupe wakati wa jua kali, "halafu anacheka."

Mwalimu aliniagiza niyanakili maneno upya kwenye karatasi mbili safi, kwa kalamu nzito na herufi kubwa, nakala moja nimwachie Bibi aizike mahali pakavu ndani ya kopo lenye kifuniko. Yeye alisubiri nje nikinakili. Nakumbuka nilijiambia: huyu ni mtu wa kuaminika.

*

Teksi ya alfajiri ilituingiza Mbarara tukiwa na rangi moja sote, rangi ya barabara. Tulipitia kwanza hospitali ya rufaa. Mama Chance alikuwa ameketi kwenye mkeka kando ya kitanda, kitenge begani, uso umemvimba kwa kukosa usingizi. Yaya alikuwa vilevile.

"Furaha, wamama wananipigia," alininong'oneza. "Wanasema ni yale ya Dunamiscoins."

Nani asiyeyakumbuka? Kampuni ile iliahidi watu faida nono, ikajipa jina la sarafu, na Desemba 2019 ikafunga milango, maelfu ya Waganda wakabaki na risiti. Nilimwambia Mama Chance kwamba Yaya hakuwahi kumwahidi mtu faida. Alisema tu atatunza. Aliniangalia kama anayetaka kuniamini.

Simu tulinunua mpya, si mtumba, kwa pesa za vitambaa vya wateja watatu ambao bado sijawaeleza. "Simu iliyotumika hujui imebeba nini," alisema Mwalimu. Tukaingia kwenye duka la maziwa, akaagiza bilauri mbili za bongo, yale maziwa ya mgando, akakaa akinipa mgongo, ameelekea ukuta wenye kioo kirefu kilichopakwa bei za maziwa na siagi. Alinielekeza kwa sauti tu. Nipakue programu ya pochi. Nitazame jina la aliyeitengeneza, herufi moja moja, kwa sababu zipo pochi bandia zinazofanana nayo kama mapacha, kazi yake ni kumeza maneno. Nichague "rejesha", si "unda mpya". Nilaze karatasi mezani, niandike.

Kumi na moja yakaingia. Nikaandika neno la maji, kwa Kiingereza. Programu ikalikataa, maandishi mekundu.

Neno la samaki. Likakubali! Moyo ukaruka. Ukurasa ukafunguka, mweupe, umeandikwa sifuri.

"Nyumba tupu," nilisema.

"Toka humo, endelea."

Neno la mtumbwi. Likakataa. Bongo yangu ilikuwa imeanza kushika ngozi juu. Nikafunga macho nikakiona kile kidole cha Bibi, hakikuelekea maji, wala samaki, wala mtumbwi. Kilielekea kitu kizima. Nikaandika herufi nne tu.

Ukurasa ukazunguka, ukazunguka, kisha: satoshi 1,400,000. Satoshi milioni mia ndizo Bitcoin moja, kwa hiyo sisi tulikuwa na kipande kidogo mno cha hiyo moja. Kwa bei ya asubuhi ile kipande hicho kilizidi silingi milioni tatu.

"Ziwa!" Nilipiga kelele, wenye duka wakageuka. "Mwalimu, ni ziwa!"

Hakugeuka. Alisema polepole, "Vizuri. Vizuri sana." Kisha akaniuliza kama najua kuzigeuza kuwa silingi. Nikasema kwa wakala wa pesa ya simu. Akatikisa kichwa: Aprili 2022 Benki Kuu ya Uganda iliwazuia wenye leseni za malipo wasigeuze kripto kuwa pesa ya simu. Itabidi kutafuta mnunuzi wa ana kwa ana. Nisiachie satoshi hata moja kwa kuonyeshwa meseji ya malipo, maana meseji huigizwa. Nitazame salio langu mwenyewe kwanza.

"Wacha nikanunue data," alisema, akainuka. "Usizime."

Nilikaa nikiitazama namba ile. Niliwaza dawa za Yaya, niliwaza wamama, niliwaza vile vitambaa. Dakika ishirini zikapita. Bilauri ya Mwalimu ilikuwa haijaguswa.

Simu ikatetemeka mara moja.

Chini ya salio palikuwa na mstari mpya wenye mshale unaoelekea juu. Satoshi 1,398,000. Zimetumwa. Pembeni yake, kwa kijivu: "Inasubiri kuthibitishwa."

Sikuwa nimegusa kitu.

Niliinua macho kumtafuta Mwalimu, yakatua kwenye kiti chake kitupu, na nyuma ya kiti, kwenye kile kioo. Kati ya bei ya maziwa na bei ya siagi nilijiona mimi mwenyewe, na mbele yangu mezani, karatasi safi ya herufi kubwa. Zilikuwa zimegeuka kushoto kulia. Lakini zilisomeka. Herufi nne nne zilisomeka kabisa.

Au ni Director, mwenye simu ya Yaya? Au ni lile kopo la Bibi?

Dakika kumi hivi, alikuwa ameniambia, ukurasa mmoja. Kabla ukurasa haujaandikwa, mstari bado unasubiri. Je, unaosubiri unaweza kuzuiwa? Hilo hakuwa amenifundisha.

Simu yangu ya zamani ikalia. Mama Chance.

"Furaha! Amefumbua macho! Kaka yako amefumbua macho!"

"Mama, subiri..."

"Anasema kitu kimoja tu, anarudia, anarudia, hataki hata maji." Nilisikia akiinama kitandani, nikasikia pumzi za Yaya zikikwaruza ndani ya simu. "Anasema, Mwalimu asilijue neno la mwisho."

Mlango wa duka la maziwa ukafunguliwa nyuma yangu.

ITAENDELEA WIKI IJAYO